Somo la Redio: Fundi Aliyeachishwa Kazi Aanze Wapi?

Madaftari na kalamu viwe karibu, maana baadaye tutaandika hesabu kidogo.

Leo nataka kujibu swali la fundi mmoja. Bwana huyu zamani alikuwa akiandika vibao vya maduka na kuchora picha katika kuta za hoteli za chai. Alijitegemea. Halafu akapata kazi ya mshahara kwa tajiri mwenye karakana kubwa ya matangazo, akakaa huko miaka tisa. Siku moja tajiri akanunua mashine ichapayo matangazo juu ya turubai la plastiki. Kazi ya brashi ya siku tatu, mashine huimaliza upesi sana. Mafundi wakaachishwa.

Sasa anacho kiinua mgongo chake, yaani fedha apewazo mtu aachapo kazi. Anao watoto wawili shuleni. Anauliza: je, akodi chumba kizuri barabarani, akipake rangi, aweke meza na viti, ndipo aanze tena? Mkewe asema fedha zitakwisha kabla mteja wa kwanza hajafika.

Mimi ni upande wa mkewe. Nitaeleza sababu, lakini kwanza sikilizeni habari za mtu mmoja ambaye huenda mmelisikia jina lake bila kumjua mwenyewe. Jina lake ni Tingatinga. Msicheke, sisemi juu ya mashine ya kulima.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, kusini mwa Tanzania. Akiwa kijana alikwenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, kama walivyofanya vijana wengi wa kusini siku zile. Kisha akafika Dar es Salaam, akapata kazi ya nyumbani kwa Mwingereza mmoja, mtumishi wa serikali. Mwaka 1961 nchi ikapata Uhuru, na Mwingereza yule akarudi kwao. Jambo lililofurahisha nchi nzima lilimwachia Tingatinga shida yake ya jikoni, maana mshahara ulikatika. Miaka iliyofuata alishika vibarua vya namna nyingi. Ndipo, mnamo mwaka 1968, akaanza kuchora picha za kuuza.

Tazameni basi alianza na nini. Chuo cha uchoraji hakukiona. Alichora juu ya hadibodi, ule ubao mwembamba wa kiwandani unaopigwa darini. Aliukata vipande vya mraba, vingi kama sentimita 60 kila upande. Rangi yake ilikuwa ile ya mafuta ipakwayo baiskeli, iuzwayo madukani kwa makopo madogo. Ubao ule hauna haja ya kuwambwa kama kitambaa cha wachoraji. Rangi ile ikikauka huwa ngumu, nayo hung'aa. Akachora wanyama, ndege na watu, kwa rangi kali zionekanazo toka mbali. Na picha ya kadiri ile, mnunuzi aweza kuitia kwapani akaenda nayo.

Je, soko? Huko Oysterbay palikuwa na maduka yaitwayo Morogoro Stores, ambapo wageni wakaao mtaa ule walinunua mahitaji yao. Picha zikawekwa pale nje. Mkewe, Agatha, akauza, naye mume akachora. Wageni wale walitoka nyumbani kwa ajili ya vitu vya jikoni. Picha waliikuta njiani mwao, wakasimama, wakauliza bei. Kama Tingatinga angalikodi chumba Kariakoo akangoja wamfuate, sidhani kama tungalikuwa na habari zake leo.

Baadaye alipata tena kazi ya mshahara, katika hospitali ya Muhimbili, na brashi hakuiweka chini. Wako watu wadhanio ya kuwa mwenye kushika kazi mbili hana imani na ufundi wake. Mimi siwaamini. Mshahara hununua unga, na picha isipouzwa wiki hii, mtoto hali njaa kwa sababu hiyo.

Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi mjini Dar es Salaam kwa kumdhania mtu mwingine, akafa. Alikuwa amechora miaka minne tu. Lakini ndugu na vijana aliowafundisha waliendelea, na mwaka 1990 wachoraji wa namna ile wakawa na chama chao cha ushirika. Leo neno Tingatinga ni jina la aina ya picha, na wengi wazinunuao hawajui ya kuwa lilikuwa jina la mtu.

Haya, turudi kwa fundi wetu. Yeye ana faida ambayo Tingatinga hakuwa nayo: wako watu wa zamani wanaoijua kazi ya mkono wake. Mashine imechukua matangazo ya turubai, na wala asishindane nayo huko. Lakini mashine ile haipandi jahazi kuandika jina ubavuni, wala haichori ukuta wa kinyozi, wala ubao wa nyuma wa lori. Na turubai lenyewe hupauka juani, upepo ukalichana. Awatembelee wateja wale mmoja mmoja. Watamwuliza, "Fundi, umerudi?" Ajibu, "Nimerudi." Najua neno hilo ni zito kwa mtu aliyeondoka mtaani akiwa na kazi ya mshahara, lakini akilisema mara tatu nne litakuwa jepesi. Akipata kazi, aombe nusu ya malipo kwanza, akanunulie rangi.

Na kiinua mgongo? Kwanza atoe ada ya shule na chakula cha miezi michache, ampe mkewe aweke. Kisha anunue brashi, rangi na ubao. Chumba kingoje mpaka kazi yenyewe iweze kukilipia kodi.

Sasa shikeni kalamu. Fundi amechora picha ndogo. Tuseme ubao ni shilingi 2,500, na rangi aliyoitumia ni shilingi 3,000. Jumla ya vifaa ni shilingi 5,500. Mtu akimpa shilingi 15,000, fundi hufurahi, maana aona shilingi 9,500 zimebaki. Lakini picha ile ilimchukua siku mbili. Gawanyeni 9,500 kwa mbili. Mmepata ngapi? Shilingi 4,750 kwa siku. Kama kibarua wa mtaani kwake hulipwa shilingi 10,000 kwa siku, fundi huyu amejipunja zaidi ya nusu, naye hajui, kwa sababu mfuko haukuwa mtupu. Mafundi wengi hufa hivyo, polepole, huku wana wateja.

Afanyeje? Aweza kupandisha bei, kama wanunuzi watakubali. Au aweza kufanya kama wafanyavyo mafundi wa hadibodi: kuandaa vipande vingi pamoja, apake rangi ya chini vyote siku moja, ili siku mbili zitoe picha tatu badala ya moja. Hesabuni nyumbani: picha tatu kwa bei ile ile ya shilingi 15,000, vifaa vikiwa shilingi 5,500 kwa kila moja. Andikeni vifaa mstari wa kwanza, fedha zilizoingia mstari wa pili, na mstari wa tatu zilizobaki kwa siku moja. Walimu, wasahihisheni kabla ya somo lijalo. Kwaherini.