Swali la Raia si Uhalifu: Mafunzo ya Korona kwa Polisi na Wakazi wa Kinindo

Mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa polisi mbele ya wakazi wa Kinindo, Bujumbura



 Katika mikutano yetu ya usalama kuna swali ambalo limekuwa likirudi kwa sura mbalimbali. Wakati wa korona serikali iliamua na polisi wakatekeleza. Je, raia aliyeuliza sababu alikuwa akifanya kosa? Wengine huliuliza kwa sauti, wengine hunong'ona baada ya mkutano kufungwa. Leo nimeona ni vema tulijibu hadharani, kwa kuwa maradhi ya kuambukiza hayakuishia pale. Tarehe 25 Julai 2024 nchi yetu ilitangaza kuwapo kwa ugonjwa wa mpox, na mji wetu wa Bujumbura ukawa miongoni mwa maeneo yaliyoguswa zaidi. Hakuna ajuaye ni ugonjwa gani utakaobisha hodi kesho. Tukijua namna tulivyoishi jana, tutaweza kuupokea kwa utaratibu.

Kwanza tukumbushane mambo yalivyokwenda. Mwezi Machi 2020, kabla ugonjwa haujathibitishwa kwetu, ndege za abiria zilisimamishwa katika uwanja wa Melchior Ndadaye, na wasafiri walioingia wakawekwa karantini ya siku 14. Tarehe 31 Machi Wizara ya Afya ilitangaza wagonjwa wawili wa kwanza, Warundi waliokuwa wametoka safari, mmoja Rwanda na mwingine Dubai. Tofauti na majirani wengi, hapakuwa na amri ya watu kufungiwa majumbani. Masoko, makanisa na misikiti viliendelea. Kampeni za uchaguzi zilianza mwishoni mwa Aprili, na kura ikapigwa tarehe 20 Mei. Siku chache kabla ya kura, kwa barua ya Wizara ya Mambo ya Nje ya tarehe 12 Mei, mwakilishi wa Shirika la Afya Duniani na wataalamu wenzake watatu walitakiwa kuondoka nchini.

Tarehe 8 Juni taifa lilimpoteza Rais Pierre Nkurunziza. Tangazo la serikali lilitaja kusimama kwa moyo. Rais Évariste Ndayishimiye aliapishwa Gitega tarehe 18 Juni, na mwisho wa mwezi huohuo akatamka kwamba korona ndiyo adui mkubwa wa Burundi. Julai ikaanza kampeni ya upimaji wa bure. Bei ya sabuni ya buluu ilipunguzwa kwa nusu, na bei ya maji nayo ikashushwa ili kila kaya iweze kunawa. Uwanja wa ndege ulifunguliwa tena Novemba 2020, lakini Januari 2021 mipaka ya nchi kavu na ya ziwani ikafungwa. Mwezi Februari 2021 Waziri wa Afya, Daktari Thaddée Ndikumana, alisema kwamba chanjo haikuwa ya lazima kwa wakati ule, kwa kuwa zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa walikuwa wakipona. Oktoba 2021 zikapokelewa dozi 500,000 za Sinopharm kutoka China, na chanjo ikaanza kutolewa kwa mwenye kuitaka.

Ndugu zangu, katika maelezo hayo mnaona kwamba msimamo ulibadilika zaidi ya mara moja. Si kazi ya polisi kupima kama sera ya afya ilikuwa sawa au si sawa. Kazi hiyo ni ya bunge, ya wataalamu, ya waandishi wa habari, na ya wananchi wenyewe. Lakini jambo moja liko wazi hata kwetu tulio na sare. Ikiwa serikali yenyewe ilipima upya uamuzi wake na kuubadilisha, basi mwananchi aliyeuliza maswali kabla ya mabadiliko hakuwa adui. Aliyeuliza mwezi Mei kwa nini watu wachache tu wanapimwa, aliuliza jambo ambalo serikali ililijibu kwa vitendo mwezi Julai. Aliyeuliza kuhusu chanjo mwezi Februari, alijibiwa mwezi Oktoba.

Tuangalie majirani, maana mwenzako akinyolewa, nawe tia maji. Nchini Kenya amri ya kutotoka nje usiku ilianza tarehe 27 Machi 2020. Siku ya kwanza tu, polisi walionekana wakiwapiga watu waliokuwa wakipanga foleni ya kivuko cha Likoni, Mombasa. Siku chache baadaye, mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao jijini Nairobi. Rais Uhuru Kenyatta aliwaomba radhi wananchi. Mapema Juni mamlaka huru inayosimamia polisi, IPOA, ilitangaza vifo 15 vilivyohusishwa na utekelezaji wa amri hiyo. Tutafakari: amri iliyowekwa kuokoa uhai, ikatekelezwa kwa namna iliyoondoa uhai. Mwaka huohuo Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa Kenya alichunguza ununuzi wa vifaa vya korona katika bohari ya dawa ya KEMSA, akakuta ununuzi wa shilingi bilioni 7.8 uliokiuka taratibu. Hayo yote yalijulikana kwa sababu kulikuwa na chombo chenye ruhusa ya kuuliza.

Tanzania iliacha kutoa takwimu za wagonjwa baada ya tarehe 29 Aprili 2020. Mwaka uliofuata, Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, ikapendekeza takwimu zitolewe na chanjo ipokelewe. Tarehe 28 Julai 2021 yeye mwenyewe alichanjwa mbele ya umma. Na kule Uingereza, polisi wa London walichunguza sherehe zilizofanyika katika ofisi za serikali wakati raia walikuwa wamekatazwa kukusanyika. Faini 126 zilitolewa, na Waziri Mkuu Boris Johnson alikuwa miongoni mwa waliotozwa. Siwatajii hayo ili tuwacheke wengine. Nayataja kwa sababu yanaonesha kwamba kuchunguzwa hakuivunji dola. Raia anayeona kwamba sheria inamfikia mkubwa na mdogo huitii kwa moyo, na polisi hawana haja ya kushika fimbo.

Sasa turudi Kinindo. Karitie yetu ina nyumba zenye kuta ndefu na mageti yaliyofungwa, na nyuma ya kila geti kuna watu wa hali tofauti: mwenye nyumba, mpishi, yaya, na zamu anayelinda usiku. Ugonjwa hauchagui kati yao, lakini woga huchagua. Mama mmoja wa karitie jirani alinisimulia yaliyomkuta zamu wake. Kijana alipatwa na homa na kikohozi. Majirani wakakusanyika getini wakitaka aondolewe. Polisi wa doria walipoitwa, mmoja wao alilitaja jina la mgonjwa kwa sauti barabarani, mbele ya watu wote, wala hapakuwa na kipimo chochote. Kijana alipopata nafuu alirudi kwao mlimani, na hakutaka tena kazi ya mjini. Mama yule aliniuliza: “Afande, mwingine akiugua kwangu, unadhani nitawaita tena?”

Swali hilo ndilo kiini cha mazungumzo yetu. Mama huyo hakuwa anapinga serikali. Alikuwa anatueleza jinsi ugonjwa unavyofichwa. Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo kitamuumbua. Lakini tuwe waadilifu: mara nyingi mtu hafichi maradhi kwa ukaidi. Huyaficha kwa sababu anaogopa kuaibishwa, kufukuzwa kazi, kudaiwa fedha za hoteli ya karantini asizokuwa nazo, au kuulizwa maswali kama mshitakiwa. Kila mara polisi anapomtendea mgonjwa kama mhalifu, anafunga mlango mmoja ambao mganga angepitia.

Tena methali hiyo inaihusu taasisi kama inavyomhusu mtu. Malalamiko yakifichwa, siku moja yatatoka yakiwa uvumi, na uvumi una miguu mirefu kuliko tangazo lolote. Tarakimu zisipotolewa, kila mtu hutunga zake. Ndiyo maana nasema kwamba maelezo ya wazi ni kazi ya usalama kama ilivyo doria ya usiku.

Naomba tutenganishe mambo matatu ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni swali: “Amri hii imetoka wapi? Itadumu hadi lini? Fedha hizi zinakwenda wapi?” Hilo ni haki ya raia, na Katiba yetu ya 2018 inautambua uhuru wa kutoa maoni. La pili ni uvumi: kusambaza kwa simu habari ambayo hujui ilikotoka, kama vile kwamba fulani ana ugonjwa au kwamba dawa fulani inaua. Huo humdhuru jirani yako, na dawa yake ya kwanza ni kupewa habari sahihi. La tatu ni kuzuia kazi: kuvunja karantini kwa makusudi, kumpiga mhudumu wa afya, kuvusha watu kwa siri ziwani wakati mpaka umefungwa. Hapo sheria huchukua mkondo wake. Polisi asiyeweza kutofautisha la kwanza na la tatu hajaielewa kazi yake.

Kwa hiyo, ndugu wakazi, likitokea tena tangazo la ugonjwa, mna haki ya kuyatarajia haya kutoka kwetu. Muulizeni polisi jina lake na kituo chake. Akijibu hapungukiwi heshima. Mwombeni aeleze ni amri gani anayoitekeleza na imetolewa na nani. Faini halali hulipwa kwa njia za serikali na huwa na risiti. Fedha inayotiwa mfukoni barabarani si faini. Habari ya mgonjwa ni ya mgonjwa, familia yake na mganga. Si ya kutangazwa getini wala sokoni. Na mkiwa na malalamiko, yaleteni kwa mkuu wa kituo au katika kamati ya usalama, yaandikwe, na mkutano unaofuata uelezwe yamefikia wapi. Lalamiko lisilojibiwa lirudisheni tena.

Nasi tunayo ya kuwaomba. Msimfukuze mtumishi wa nyumbani kwa sababu ameugua; mpelekeni kituo cha afya. Msikusanyike kwenye geti la mtu. Nyumbakumi wetu, daftari lenu liwe la kujua nani anahitaji msaada, lisiwe la kuandika nani amesema nini. Vijana wenye simu, kabla hamjatuma ujumbe, ulizeni kwanza: nani ameusema, na lini?

Kwenu maafisa wenzangu, nasema haya mkisikia mbele ya wananchi ili yatufunge sote. Polisi yetu ilizaliwa baada ya Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000, katika nchi iliyokuwa imechoka kuwaogopa watu wenye sare. Iliundwa ili iwe ya Warundi wote. Raia anapokusogelea kwa swali, amekuheshimu, kwa maana amekuchagua wewe badala ya kunong'ona gizani. Mjibu ukijua jibu. Usipolijua, mwelekeze kwa anayelijua. Usimwoneshe pingu kwa sababu ya swali.

Huo ndio ujumbe wangu. Muda uliobaki ni wenu, na maswali yote yanaruhusiwa, hata yale magumu. Mungu ailinde karitie yetu, mji wetu na Burundi yetu.