Diski ya Kuangalia na Diski ya Kutunza: Resolusheni na Uchomaji wa Slaidi za Picha

Mada iliyowasilishwa kwa wapiga picha na wahariri wa video, Lushoto



Nimepewa mambo mawili ya kuzungumzia: resolusheni ya kuonyeshea picha, na namna ya kuchoma diski. Nitayachanganya kwa makusudi, kwa sababu hasara kubwa katika kazi yetu inatokea pale yanapokutana. Mteja wa harusi anakabidhiwa DVD ya slaidi, ina muziki mzuri na majina ya maharusi yanaelea juu ya maua. Miezi inapita, kompyuta ya studio inajaa, faili za kamera zinafutwa ili harusi nyingine zipate nafasi. Kuanzia siku hiyo kilichobaki cha sherehe ile ni DVD peke yake. Ninachosema leo ni kwamba DVD ya slaidi imetengenezwa kwa ajili ya kuangaliwa, haiwezi kubeba kazi ya kutunza, na kila mteja wetu ana haki ya kuondoka na nakala zote mbili, ya kuangalia na ya kutunza.

Tuangalie hesabu. DVD ya video katika mfumo wa PAL, ambao ndio wetu, ina pikseli 720 kwa 576 katika kila fremu. Zidisha upate 414,720. Kamera ya megapikseli 24 inatoa picha ya 6000 kwa 4000. Maana yake slaidi imebakiza pikseli moja katika kila 58. Kwenye TV hasara hiyo haisumbui macho, ndiyo maana tumeizoea.

Inajitokeza siku ya msiba. Mzee amefariki, familia inataka picha ya A4 ya kuweka mbele ya jeneza, na picha nzuri waliyo nayo ni ile aliyopigwa kwenye harusi ya mwanawe, amevaa koti na kofia, anacheka. Wanaleta DVD studio. Fremu nzima ya DVD ukiichapa kwa nukta 300 kwa inchi inatoa karatasi ya sentimita 6 kwa 5, imezidi kidogo picha ya pasipoti. A4 kwa ubora huohuo inataka pikseli 2480 kwa 3508. Tena mzee hakujaza fremu: alisimama katikati ya ndugu wanane, na uso wake umeangukia kwenye pikseli chache mno. Programu za siku hizi za kukuza picha zitautengeneza uso, lakini zitaubuni, na mjane ataona mara moja kwamba huyo siye mume wake. Mikunjo ya uso iliyotupwa wakati wa kupunguza picha hairudi.

Kwa hiyo mambo yote ya resolusheni nitakayoyataja hapa yanahusu nakala ya kuangalia. Faili asilia za kamera hazipunguzwi, hazibadilishwi jina ovyo, wala hazipiti kwenye programu ya slaidi na kuhifadhiwa juu ya zile za mwanzo.

Uliza skrini kwanza

Kabla ya kufungua programu, muulize mteja picha zitaangaliwa wapi. Mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, lakini TV za chogo hazikufa siku ile. Zilifungwa ving'amuzi zikaendelea, na deki ya DVD bado inachomekwa kwa waya wa rangi tatu. Kwa TV ya namna hiyo, 720 kwa 576 ndiyo mwisho wake, ukiipa zaidi haitajua la kufanya nayo. TV bapa ndogo za inchi 32 nyingi zina pikseli 1366 kwa 768, kubwa zaidi zina 1920 kwa 1080, na sasa zimeingia za 3840 kwa 2160. Mteja mwenye TV bapa yenye tundu la flashi mtengenezee video ya 1920 kwa 1080 ndani ya faili ya MP4, fremu 25 kwa sekunde. DVD iwe ya nyongeza, ya kupelekwa kwa bibi kijijini.

Projekta zina mtego wake. Boksi linaandika kwamba mashine inapokea 1080, na inapokea kweli, lakini kioo chake cha ndani kinaweza kuwa na pikseli 800 kwa 600 tu. Picha inaingia kubwa, inapunguzwa humo ndani haraka haraka, inatoka imechoka. Tafuta kwenye kitabu cha maelekezo ile resolusheni ya asili ya mashine (800 kwa 600, 1024 kwa 768, au 1280 kwa 800), kisha uandae slaidi zako kwa ukubwa huohuo. Maandishi madogo ya jina la marehemu au ratiba ya ibada yatasomeka hadi benchi la nyuma.

Kosa jingine linatokana na mipangilio ya programu. Nyingi zikisakinishwa zinakuja zimewekwa NTSC, mfumo wa Marekani: mistari 480 badala ya 576. Unapoteza mistari 96 bila sababu, na kwenye baadhi ya TV za zamani picha inatoka nyeusi na nyeupe. Badilisha kwenda PAL mara moja, uhifadhi, usahau.

Kuhusu uwiano wa skrini nina msimamo mkali. TV za leo ni 16 kwa 9, picha za kamera zetu kubwa ni 3 kwa 2, za simu mara nyingi ni 4 kwa 3, na nyingi zimesimama wima. Usivute picha ili ijaze skrini. Bibi harusi aliyenenepeshwa kwa asilimia 30 amekosewa heshima. Weka picha ilivyo, pembeni ujaze rangi nyeusi au kivuli cha picha yenyewe kilichofifishwa. Na kwa kuwa TV za chogo hukata kingo, maandishi yote yakae ndani, yaache asilimia 10 ya skrini kila upande.

Kanga na ukungu

Kuna vitu viwili vya milima hii ya Usambara vinavyoionea DVD. Cha kwanza ni kanga. Picha ya akina mama kumi na watano wamevaa sare yenye nukta ndogondogo, ukiishusha kutoka pikseli 6000 hadi 720, zile nukta zinaungana na kuzaa mawimbi ambayo hayakuwapo kwenye kitambaa. Kwenye TV ya chogo yanatetemeka kabisa, kwa sababu TV hiyo inachora mistari kwa kupokezana, na mstari mwembamba unaonekana kwenye zamu moja na kupotea kwenye nyingine. Dawa yake ni kupunguza picha kwa programu ya picha kabla ya kuiingiza kwenye slaidi, ukitumia njia laini ya kupunguza, kisha kuififisha kidogo sana. Usiongeze ukali. Wengi wetu tunaongeza ukali kwa mazoea, na hapo ndipo kanga inaanza kucheza.

Cha pili ni ukungu. Picha ya asubuhi pale Irente, nyika ya Mazinde imefunikwa, vilele vya miti vimechomoza, au njia ya Magamba msituni mwezi Julai, ni uzuri ambao wageni wanapanda gari kutoka mbali kuutafuta. Kwenye DVD iliyobanwa sana ukungu unageuka vigae vya mraba. Sababu ni kwamba MPEG-2, mfumo wa DVD wa kubana video, huigawa picha katika vipande vya mraba, na data ikiwa haba inazitupa kwanza tofauti ndogo za mwanga, na ukungu wote ni tofauti ndogo za mwanga. Ongeza data hadi karibu megabiti 8 kwa sekunde; kiwango cha video kwenye DVD kinaishia 9.8. Na upunguze mtindo wa picha moja kuyeyukia nyingine kwa sekunde tatu nne. Myeyuko huo hubadilisha kila pikseli katika kila fremu, kwa hiyo unakula data zote. Nusu sekunde inatosha, au kata moja kwa moja.

Wanaopenda picha isogee na kukua polepole wakumbuke kwamba ukikuza mara mbili unahitaji pikseli mara mbili kila upande. Picha ya kamera inavumilia. Picha iliyopitia WhatsApp mara nyingi haivumilii.

Picha za kale nazo zina kiasi chake. Walther Dobbertin, mpiga picha wa Kijerumani, alifanya kazi hapa Afrika Mashariki enzi ambazo mji huu uliitwa Wilhelmstal, na mkusanyo wake uko Bundesarchiv, hifadhi ya taifa ya Ujerumani. Mwaka 2008 hifadhi hiyo iliruhusu karibu picha 100,000 ziwekwe Wikimedia Commons, na shule au usharika ukitaka onyesho la historia ya Usambara utazikuta humo picha za Dobbertin. Lakini zilitolewa katika ukubwa wa pikseli kama 800 upande mrefu. Kwa DVD zinatosha kabisa. Kwenye TV ya 1080 zitavutwa karibu mara mbili na kulegea. Ziweke ndogo katikati ya skrini nyeusi, pembeni uandike maelezo ya Kiswahili, na uwataje mpiga picha na hifadhi, kwa sababu leseni yake inadai hivyo.

Kuchoma

DVD ya kawaida inaandikwa GB 4.7, kompyuta itakuonyesha 4.37 kwa namna inavyohesabu. Slaidi ya dakika 20 kwa megabiti 8 inakula GB 1.2 hivi. Zimebaki zaidi ya GB 3, na hapa ndipo pendekezo langu kuu lilipo. DVD ya video inaruhusu kuwa na folda nyingine pembeni ya ile ya VIDEO_TS. Deki haiioni, inacheza slaidi kama kawaida, kompyuta inaiona. Ndani ya folda hiyo weka faili asilia 300 za MB 10 kila moja. Diski ni ileile, gharama ni ileile, na familia imeondoka na picha za kuchapa A4 siku itakapozihitaji. Harusi ikiwa na picha nyingi zaidi, choma diski ya pili ya faili tupu. Picha 400 za ukubwa huo ni GB 4.

Diski iliyoandikwa 16 ichome kwa kasi ya 8. Hakikisha umeifunga, maana isiyofungwa inacheza kwenye raita yako na kukataa kwenye deki ya mteja. Washa kipengele cha kuhakiki baada ya kuchoma, kisha ijaribu kwenye deki tofauti kabisa. Tumia laptopu yenye betri inayokaa na chaji: umeme ukikatika katikati, diski imekwisha. Usibandike stika ya karatasi. Gundi yake katika unyevu wa huku inavuta na kupinda, na diski iliyopinda haisomeki. Andika kwa kalamu ya wino wa maji iliyotengenezwa kwa diski, kwenye duara la katikati lisilo na data.

CD inahitaji uangalifu zaidi ya DVD, ingawa wengi wanadhani kinyume. Kwenye CD tabaka la data liko chini tu ya upande wa maandishi, limefunikwa na vanishi nyembamba; kalamu ya biki ikikandamizwa juu inalikwangua. Kwenye DVD data imewekwa katikati ya mabamba mawili ya milimita 0.6. Hata hivyo, rangi inayochomwa ndani ya zote mbili haipendi jua wala unyevunyevu. Usiziache kwenye dashibodi ya gari linaloshuka Mombo, wala kwenye kabati lililoegemea ukuta wa nje wakati wa masika. Mwaka 2001 iliripotiwa kutoka Belize, nchi yenye joto na unyevu, CD iliyoliwa na kuvu hadi ndani. Sisi tunaofuta kuvu kwenye lenzi tunaelewa.

Flashi inarahisisha mambo, lakini ina vizuizi vyake. Ikiwa imeandaliwa kwa FAT32 haipokei faili moja inayozidi GB 4. TV nyingi hazifungui JPEG ya aina ya progresivu, na za zamani hazifuati alama ya kamera inayosema picha imesimama wima, kwa hiyo bwana harusi analala ubavu. Geuza picha zenyewe kwenye programu na uzihifadhi upya kwenye folda ya flashi. Na flashi isiwe nakala pekee.

Peter Krogh, mpiga picha wa Marekani, ndiye aliyeieneza kanuni ya nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine. Kwetu inawezekana: diski ngumu ya studio, DVD ya mteja, na nakala moja ishuke mlima, ikae Tanga au Dar es Salaam kwa mtoto wa familia. Stakabadhi ya studio iandike wazi faili asilia zitakaa kwetu kwa muda gani, ili mteja asiambiwe zimefutwa wakati ameshafiwa.

Mwisho, zile diski tulizochoma zamani. Laptopu mpya nyingi hazina tena tundu la DVD, na Sony ilisitisha kutengeneza Blu-ray za kurekodia Februari 2025. Napendekeza kila studio iwaite wateja wake wa miaka ile na kunakili diski nzima kama faili ya ISO kwenye diski ngumu. Tuanze na CD, kisha DVD zenye stika, kisha zilizobaki. Diski inayogoma kwenye raita moja ijaribiwe kwenye nyingine kabla ya kutangazwa kwamba imekufa, kwa sababu macho ya raita hayafanani. Na hilo linatuhitaji tuazimane mashine, Soni kwa Mlalo, Mlalo kwa Lushoto mjini. Raita yangu ya nje iko hapa mezani, anayeihitaji aandike jina lake kabla ya chai.