MAZUNGUMZO KUHUSU UTUNZAJI NA UBADILISHAJI WA ALTANETA YA GARI

(Matini ya mazungumzo kwa maofisa usafiri, madereva wa Serikali na wananchi wenye vyombo vya moto)





Imekuwa ada kwamba gari likikataa kuwaka asubuhi, lawama huelekezwa kwenye betri. Gari husukumwa, barua ya kuomba betri mpya huandikwa, betri hununuliwa, na baada ya siku mbili tatu gari hulala tena. Fedha za umma zimekwisha kutoka na maradhi yamebaki pale pale. Aghalabu mgonjwa ni altaneta, nayo ndiyo inayoilisha betri hiyo.

Betri ni ghala la akiba ya kuwashia injini. Injini ikishawaka, altaneta huzungushwa na mkanda na kuzalisha umeme wa taa, honi na vifuta vioo, na kurejesha akiba iliyotumika. Umeme unaozaliwa ndani yake ni wa kwenda na kurudi. Dayodi huugeuza uwe wa upande mmoja, na kidhibiti huzuia volti zisipindukie kiasi.

Jambo hili si dogo. Lichukuliwe gari la wagonjwa linalotoka Makunduchi usiku kuelekea mjini, altaneta yake ikiwa haifanyi kazi. Taa mbili za mbele zenye wati 55 kila moja hula karibu amperi 9 peke yake. Betri iliyochakaa haitahimili safari hiyo. Gari la petroli litazimika njiani. La dizeli lenye pampu ya kizamani laweza kuendelea kuunguruma, lakini taa zitafifia hadi gizani, na mgonjwa yumo ndani.

DALILI

Dalili ya kwanza ni taa nyekundu yenye picha ya betri mbele ya dereva. Ufunguo ukifunguliwa, taa hiyo hupaswa kuwaka, na injini ikiwaka hupaswa kuzimika. Ikibaki inawaka, gari halichaji. Isipowaka kabisa, huenda glopu imeungua au waya umekatika, na hilo nalo lishughulikiwe, kwani baadhi ya altaneta haziamki bila ya umeme unaopitia glopu hiyo. Wapo madereva wanaoiziba taa hiyo kwa kipande cha plasta ili isiwakere. Wahenga walisema: mficha maradhi kifo kitamuumbua.

Dalili nyengine ni taa zinazong'ara na kufifia kwa kufuata mwendo wa injini, mlio wa beringi, mkanda unaolia, na harufu ya kuungua.

KIPIMO

Kabla ya kuomba betri, fundi apime kwa mita ya volti. Betri ya volti 12 iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, husoma karibu 12.6. Injini ikiunguruma, kwa kawaida husoma baina ya 13.8 na 14.5. Ikibaki chini ya 13, altaneta, mkanda au nyaya zina kasoro. Ikipita 15, kidhibiti kimeharibika na betri itachemka. Katika baadhi ya magari ya siku hizi, altaneta huongozwa na kompyuta ya gari, hivyo volti hupanda na kushuka. Hayo yapimwe kwa kufuata kitabu cha gari.

Ni marufuku kuvua waya wa betri injini ikiwa inaunguruma kwa nia ya "kujaribu altaneta". Kitendo hicho huweza kuunguza dayodi na kompyuta.

UTUNZAJI

(a) Mkanda ukaguliwe kila mwezi. Wenye nyufa ubadilishwe. Kwa magari mengi ya mkanda unaokazwa kwa mkono, ukibonyezwa katikati kwa kidole gumba unyume kiasi cha milimita 10. Uliolegea huteleza, na uliokazwa mno huua beringi.

(b) Hewa ya bahari hula shaba. Vichwa vya betri visafishwe kwa maji ya uvuguvugu yenye magadi, vikaushwe, vikazwe na kupakwa grisi.

(c) Wakati wa kuosha injini, altaneta ifunikwe isiingie maji.

(d) Gari likichomelewa kwa umeme, nyaya za betri zivuliwe kwanza.

UBADILISHAJI

Si kila altaneta mbovu hutupwa. Kaboni zilizokwisha, beringi au kidhibiti huweza kubadilishwa na fundi umeme kwa gharama ndogo. Ikilazimu kununua, hata kama ni ya mtumba, ilinganishwe na ya zamani: volti 12 au 24, amperi, puli na matundu ya bolti. Izungushwe kwa mkono, isikwaruze, na ipimwe kabla ya fedha kutolewa.

Tahadhari kubwa ni kwa baadhi ya magari ya dizeli ambayo altaneta zake zimebeba kwa nyuma pampu ya kufyonza hewa inayosaidia breki. Ikifungwa isiyo na pampu hiyo, gari litachaji vizuri lakini breki zitakuwa nzito.

Katika kufungua, waya hasi wa betri uvuliwe mwanzo na urudishwe mwisho. Nyaya zitiwe alama, mkanda ulegezwe, kisha bolti zifunguliwe. Baada ya kufunga, volti zipimwe tena, na mkanda mpya ukaguliwe baada ya siku chache.

WAJIBU

Dereva aandike kasoro katika daftari la gari siku ile ile anapoiona. Ofisa usafiri asiidhinishe betri mpya bila ya kuona kipimo cha altaneta, wala asilipe gari safari ya usiku ilhali taa nyekundu inawaka. Gari la Serikali ni amana, na amana huulizwa.