Maji ya Tangi la Samaki Bustanini: Faida na Mipaka Yake

Utangulizi

Mfugaji wa perege anapobadilisha maji ya tangi, maji machafu mara nyingi huishia mtaroni. Hatua chache kutoka hapo, mchicha umegeuka manjano kwa kukosa nitrojeni. Mada hii inatetea maji hayo yafikishwe bustanini, mradi mkulima ajue kilichomo na kisichomo.

Kilichomo

Chakula cha perege kwa kawaida huwa na protini ya asilimia 30 hivi, na takriban asilimia 16 ya protini ni nitrojeni. Kila kilo ya chakula, basi, huingiza tangini gramu 48 za nitrojeni. Samaki hubakiza mwilini chini ya nusu. Sehemu kubwa ya inayotoka ni amonia, inayopitia kwenye matamvua. Amonia ni sumu kwa samaki, lakini bakteria walioko kwenye changarawe na chujio huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo mizizi huifyonza moja kwa moja.

Hesabu ya ndoo

Tuchukue tangi la kioo la nyumbani ambalo kipimo chake kinaonyesha miligramu 40 za nitrati kwa lita. Nitrojeni iliyomo ni miligramu 9 tu. Ndoo ya lita 20 ina gramu 0.18, ilhali gramu 5 za yurea, kama kijiko kimoja cha chai, zina gramu 2.3. Zinahitajika ndoo zaidi ya 12 kulingana na kijiko hicho!

Kwa hiyo maji haya ni ya kumwagilia mara kwa mara, msimu mzima.

Utajiri mwingine umelala chini. Mpira wa kunyonyea ukizamishwa kwenye changarawe, ndoo hupokea tope la kahawia lenye kinyesi na mabaki ya chakula. Humo ndimo fosforasi nyingi hukaa. Tope hilo lichanganywe na mboji, au lifukiwe kando ya shina.

Hata hivyo, si kila kirutubisho kimo majini. Katika Chuo Kikuu cha Visiwa vya Virgin, mtafiti James Rakocy na wenzake walikuza perege pamoja na letusi na mrehani kwa maji yaleyale yanayozunguka. Hata wao walilazimika kuongeza kalisi, potasiamu na madini ya chuma, kwa sababu chakula cha samaki hakikutosheleza mimea.

Tahadhari

Maji ya samaki wa baharini yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Yasiguse bustani kabisa. Maji yaliyotiwa mrututu au dawa nyingine ya samaki yasimwagiwe mboga. Kwa mboga zinazoliwa mbichi, maji yaelekezwe udongoni, si majanini. Tena yatumike siku hiyohiyo: yakikaa bila hewa hunuka, na bakteria huanza kugeuza nitrati kuwa gesi.

Mapendekezo

Kwanza, bwawa jipya lichimbwe juu ya bustani, maji yateremke bila pampu. Pili, maofisa ugani wa uvuvi na wa kilimo wamtembelee mfugaji kwa pamoja. Tatu, kila mfugaji aandike kilo za chakula anazolisha kwa wiki, ili ofisa ugani akadirie nitrojeni inayoingia majini na kumshauri ukubwa wa bustani ya kupanda.