Kinu Hufuata Nini?



Nimetakiwa niseme habari za makampuni yenye viwanda katika nchi nyingi, na jinsi yachaguavyo mahali pa kuvijenga. Mimi ni karani, si mwanauchumi. Walakini jambo lenyewe li mlangoni petu.

Katika miaka ya 1970 na 1980, shirika la serikali la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba saba ya ngano katika nyanda za Basotu, yapata eka laki moja, nao Wabarabaig wakapoteza malisho yao yaliyo bora. Hata hivyo mtu akiketi leo dukani Katesh aweza kuwa na andazi mkononi la unga uliosagwa Dar es Salaam. Mbona vinu vikubwa havikuja huku?

Ngano iliyo nyingi iliwayo Tanzania hutoka ng'ambo, nayo meli huja mwezi wo wote. Shamba letu huvunwa mara moja kwa mwaka, na mvua ikikosa, ni pumba tupu. Kinu kikubwa hakiwezi kulala kikingoja Hanang.

Mwaka 1997 mwanauchumi wa Marekani, Bibi Lael Brainard, alichapisha utafiti juu ya mambo haya. Aliona ya kuwa kampuni hupima faida ya kufanya kazi yote katika kiwanda kimoja kikubwa, na gharama ya nauli na ushuru. Gharama hiyo ikizidi, hujenga karibu na wanunuzi. Tazameni kampuni ya Bakhresa: ilianza Dar es Salaam, kisha ikawa na vinu Uganda, Malawi, Msumbiji, Rwanda na Burundi. Sidhani ilifuata mashamba ya ngano huko; ilifuata walaji wa mkate.

Nasema haya kwa kuwa sisi ndio tuandikao barua za kuwakaribisha wageni wenye mali, na kila barua hutaja ardhi kwanza, kwa sababu ardhi ni rahisi kuahidi. Ningependa tutaje alizeti, ambayo ikikamuliwa hupungua uzito, na maziwa, ambayo huharibika njiani. Vitu vya namna hiyo vyaweza kukivuta kiwanda kipande huku juu. Ngano kavu husafiri bila taabu.

Basi mgeni atakapofika na ramani ya eka zake, naomba karani amwulize, kwa adabu, atakisaga wapi atakachokivuna. Na jibu litiwe katika faili kabla ramani haijapigwa muhuri.