Mto Tana: Mvua ya Mbali, Mafuriko ya Karibu



Mtu anaweza kusimama Hola au Garsen, asione hata wingu moja, na kumbe mto unajaa. Sehemu kubwa ya maji ya Tana haitokani na mvua ya nyanda hizi kavu. Hutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, hupitia mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha huteremka hadi Bahari Hindi karibu na Kipini. Safari hiyo ni ya kilomita 1,000 hivi.

Kwa hiyo, masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, habari ya kufuatilia ni mvua ya milimani na hali ya mabwawa. Mabwawa yakijaa, maji ya ziada humwagika na kuchukua siku kadhaa kufika huku chini. Siku hizo ndizo nafasi ya kuhamisha watoto, wazee, mifugo, mbegu na vyeti. Mafuriko ya 2018, 2023 na 2024 yalionyesha hasara ya kungoja hadi maji yafike mlangoni.

Hata hivyo, mafuriko hayohayo ndiyo utajiri wa kaunti. Huacha udongo wenye rutuba kwa mpunga, ndizi na miembe, hujaza maziwa yenye samaki, na huotesha nyasi zinazolisha ng'ombe wakati wa kiangazi. Ndiyo maana Delta ya Tana iliorodheshwa mwaka wa 2012 chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa.

Mto haugombani na mtu. Hufuata njia yake. Nyumba ikijengwa kwenye njia hiyo, maji huichukua. Malka ikizibwa kwa shamba, mifugo hukosa njia ya kufikia maji, na mkulima na mfugaji hugeuka mahasimu.

Wakazi wanahimizwa kujenga mahali palipoinuka, kuacha malka wazi, na kusikiliza matangazo ya Idara ya Hali ya Hewa kupitia redio na machifu. Anayepata onyo amwarifu jirani, hasa asiye na simu.