Nyumba Yenye Usukani

Majuzi nilikuwa Makambako. Nilifika usiku kwa basi la kutoka Dar es Salaam, nikalala gesti, na alfajiri nikatoka kutafuta chai kabla ya kupata gari la kwenda Njombe. Upepo wa Makambako mnaujua ninyi mliowahi kupita pale; unapenya hata kwenye koti. Kando ya barabara kuu malori yalikuwa yamejipanga mstari, mengine yakielekea Tunduma, mengine Dar es Salaam. Katika lori moja nilimkuta kijana amesimama kwenye kidato cha mlango, shati kalitupia begani, ananyoa ndevu kwa kujitazama kwenye kioo cha pembeni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Umelala wapi na baridi yote hii?"

"Nyumbani," akajibu, na akaugonga mlango wa lori kwa ngumi.

Mimi nilicheka. Yeye hakucheka. Alinieleza kwamba mkewe na watoto wawili wako Mbagala, amepanga vyumba viwili, na kodi analipa bila kukosa. Lakini mwezi uliopita alilala katika vyumba hivyo siku nne tu. Siku zote zilizobaki alilala nyuma ya kiti cha dereva. "Sasa, mzee, hapo nyumbani kwangu ni wapi?"

Swali hilo nililibeba mpaka Njombe, na leo nimekuja nalo hapa kwenye kipaza sauti.

Ninaye mpwa wangu huko Birmingham, Uingereza. Ameajiriwa katika ghala. Kila asubuhi anavaa, anafunga mlango, anakwenda kazini kama watu wengine. Tofauti ni moja tu: mlango anaoufunga ni wa boti. Kodi za nyumba zilimshinda, akanunua boti kuukuu linaloelea kwenye mifereji ya maji iliyochimbwa zaidi ya miaka 200 iliyopita kubebea makaa ya mawe na bidhaa za viwanda. Boti hizo ni nyembamba, upana wake mita 2 na kidogo, na urefu unaweza kufika mita 22, karibu sawa na lori na tela lake. Ndani kuna kitanda, jiko na choo. Sheria yao ya mwaka 1995 inamtaka mwenye boti asiye na maegesho ya kudumu asikae mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo. Kwa hiyo mpwa wangu, siku asizokwenda kazini, huisogeza nyumba yake. "Mjomba," huniambia kwenye simu, "mimi nahama bila kufungasha."

Niliposimulia habari hiyo kwa ndugu zetu wa Njombe, wote walimsifu kijana kwa akili zake. Hakuna aliyesema kwamba hana kwao. Lakini dereva wa Makambako akilala ndani ya lori tunamwita mtu wa barabarani, asiyejulikana alipo. Tofauti yao ni nini? Wote wawili wameajiriwa. Wote wanalala katika chombo kinachosogea, na wote wamepiga hesabu ya kodi na mshahara.

Zamani watu wa mifereji nao hawakusifiwa. Katika karne ya kumi na tisa reli zilipoenea Uingereza, zilipora biashara ya boti na bei ya kubeba mizigo ikashuka. Manahodha wengi wakaona hawawezi kulipa kodi ya nyumba na mishahara ya wasaidizi. Wakahamishia wake na watoto ndani ya boti, katika kichumba cha nyuma kisichozidi kibanda cha mlinzi. Mama akawa msaidizi, watoto wakawa wa kumwongoza farasi avutaye boti, na shule wakaipita njiani. Watu wa mijini waliwaona wachafu na wahuni. Akatokea mtu mmoja, George Smith wa Coalville, akapiga kelele mpaka Bunge likapitisha sheria mwaka 1877, ikaongezewa nguvu mwaka 1884. Sheria hiyo ilitaka boti linalolala watu liandikishwe kuwa makazi, idadi ya watu ipangwe kulingana na nafasi, na wakaguzi waruhusiwe kuingia. Haikuwafukuza watu botini. Ilikiri kwanza kwamba mle ndani wanalala watu.

Ndugu msikilizaji, sisi bado hatujakiri.

Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Hii mimi nimelala ndani. Mwaka 1989, Njombe ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Iringa, niliajiriwa kuwa utingo wa lori kuukuu la Fiat, na kwa muda wa miaka miwili sikuwa na kitanda kingine. Dereva wangu, ambaye nitamwita Mzee tu, alilala kwenye kitanda cha nyuma ya kiti. Mimi nililala juu ya viti, magoti yamegusa kidevu, au juu ya mzigo, chini ya turubai. Sanduku la chini ya tela ndilo lililokuwa jiko letu: sufuria mbili, mwiko, unga, chumvi na dumu la maji. Nguo tulizifua tulipopata mto, tukazianika kwenye kamba za turubai. Mama ntilie wa Makambako alitujua kwa majina na akatukopesha ugali hadi safari ya kurudi. Nisidanganye, kulikuwa na raha yake. Ukiamka unakuta mlima ambao jana hukuuona.

Lakini kulikuwa na usiku wa Juni na Julai. Baridi ya Njombe huganda kwenye vioo kwa ndani. Usiku mmoja tuliingiza jiko la mkaa ndani ya kichwa cha gari tukafunga madirisha. Niliamka kichwa kinapasuka, miguu haina nguvu, na Mzee anahangaika kufungua mlango. Kama asingeufungua, leo msingekuwa mnanisikiliza. Moshi wa mkaa unauona. Hewa yake inayoua huioni wala huinusi. Enyi madereva na utingo mnaonisikia, nawaomba jiko libaki nje.

Kwa nini basi hatukulala gesti? Kwanza, tajiri alitaka mtu wa kulinda betri, tairi la akiba, turubai na dizeli. Dizeli ikinyonywa usiku, hukatwa kwenye mshahara wako mchana. Pili, ile posho kidogo ya kulala ndiyo iliyokuwa karo ya watoto wa Mzee. Matajiri husema, "Posho tunawapa, wao wenyewe wanaibana." Ni kweli tuliibana. Mtu akipima kitanda cha usiku mmoja na sare ya shule ya mwanawe, ni baba gani atakayechagua kitanda? Hesabu hiyo ndiyo waliyoipiga manahodha wa mifereji, na hata wao hawakuipiga kwa ujinga.

Sasa niwaambie jinsi hesabu ile ilivyotuishia. Usiku mmoja tuliondoka Njombe na viazi vya Uwemba, magunia yameshonwa lumbesa. Tulikuwa tumepakia tangu asubuhi, na usiku wa kuamkia siku hiyo tulilala saa tatu tu. Kutoka Njombe hadi Makambako ni kilomita kama 60, si safari ya kumtisha dereva mzoefu. Kazi ya utingo usiku ni kumsemesha dereva. Nilimsemesha. Nilimsimulia mpira, nikamsimulia harusi ya dada yangu, na katikati ya harusi hiyo nikalala mimi mwenyewe. Nilipoamka gari lilikuwa ndani ya miti ya miwati, taa moja inatazama juu, viazi vimetapakaa mpaka barabarani. Mzee alivunjika mfupa wa bega. Mimi nilipasuka paji la uso, na alama ninayo hadi leo.

Askari aliyeandika maelezo aliniuliza, "Makazi yako?" Nikataja kijiji cha wazazi wangu, ambako sikuwa nimelala kwa miezi saba. Akaandika. Siku ya pili tajiri alifika. Alilizunguka lori mara mbili, akainama kutazama chesisi, kisha akaniuliza ni magunia mangapi yamepona. Mzee alimuulizia baadaye. Nilipokwenda kumwona Mzee wodini aliniambia, "Mwanangu, mimi sikulala. Nilizimika tu, kama taa."

Maneno hayo yamenirudia kila nipitapo kwenye mizani. Serikali yetu inajua sana kulipima lori. Linapandishwa juu ya mizani, ekseli moja baada ya nyingine, na uzito wote wa gari na mzigo usizidi tani 56 hata kwa gari lenye ekseli nyingi kuliko yote. Likizidi, faini. Ni jambo jema, kwa sababu barabara ni mali yetu sote. Lakini anayelipandisha lori hilo kwenye mizani, nani amempima? Nani amemwuliza ameamka saa ngapi, na jana alilala saa ngapi?

Si kwamba sheria haipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki. Imempa mfanyakazi, kwa kawaida, mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na saa 24 kila wiki. Maandishi ni mazuri. Ila mwandishi wa sheria alimfikiria mtu anayetoka kazini akaenda nyumbani. Huyu ambaye nyumba yake ndiyo kazi yake, tumhesabu vipi? Utingo aliyejilaza juu ya turubai huku sikio moja likimsubiri mwizi wa dizeli, je, anapumzika au yuko kazini? Dereva aliyekaa siku kadhaa kwenye foleni ya Tunduma, akisogea mita 20 kila baada ya saa moja, je, hiyo ni likizo?

Na afya yake je? Utafiti wa taifa wa mwaka 2022–23 uliukuta Mkoa wa Njombe na maambukizi ya virusi vya UKIMWI ya asilimia 12.7 kwa watu wa miaka 15 na zaidi, kiwango cha juu kuliko mikoa yote ya Tanzania Bara. Tukisikia hivyo, kidole hukimbilia madereva. Sitasema hawahusiki. Lakini mtu anayemeza dawa kila siku anahitaji zahanati karibu na anapolala, iliyo wazi saa anazosimama. Madirisha yetu mengi ya dawa hufunguliwa asubuhi naye keshaondoka, hufungwa jioni naye hajafika. Kumlaumu mtu ni rahisi kuliko kumfungulia mlango.

Ninalopendekeza halihitaji fedha za wafadhili. Halmashauri za miji iliyo barabarani zinajua kutoza ushuru wa maegesho. Basi ushuru huo ujenge uwanja wenye uzio, taa, bomba la maji, bafu na vyoo, na mlinzi wa usiku. Tajiri achangie mlinzi huyo, ili utingo wake alale usingizi wa mtu na si wa mbwa. Zahanati iliyo jirani ifungue dirisha la jioni. Na pale mizani, pamoja na karatasi ya uzito, dereva atoe karatasi ya saa zake za kulala. Asiyelala asimamishwe kama anavyosimamishwa aliyezidisha tani, na faini iende kwa mwenye gari.

Mtasema, huyu anawatetea madereva kwa sababu alikuwa utingo. Sikatai. Lakini basi ulilopanda wewe msikilizaji linapishana na lori hilo usiku, na kati yenu hakuna ukuta, ni rangi nyeupe tu iliyochorwa katikati ya lami. Viazi unavyonunua Kariakoo na mbao za kenchi ya nyumba yako vimepita katika usiku wa mtu huyo. Mwenye kujenga nyumba kwa mbao za Njombe asiseme kwamba usingizi wa aliyezileta haumhusu.

Yule kijana wa Makambako alimaliza kunyoa, akamimina maji yaliyobaki kwenye dumu akanawa uso, akavaa shati safi lililokunjwa vizuri. Nilimwuliza atafika Dar es Salaam lini. Aliniambia kesho, Mungu akipenda, na kwamba mwanawe wa pili anatimiza mwaka mmoja keshokutwa. Kisha akafunga mlango wa nyumba yake, akawasha injini.